Kurasa Hamsini na Tisa

Usitabasamu, alisema kijana wa studio pale Kariakoo,
masikio yaonekane, ushungi urudi nyuma.
Nikalikazia macho tundu la kamera
kama mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi sita.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Sikudhani Mwinjuma,
pasipoti inasema Sikudhani Mwinyijuma.
Kwa ajili ya hiyo "yi" nimekwenda RITA mara tatu,
nimekula kiapo Kisutu, mbele ya wakili anayemenya karanga,
kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja.
Elfu ishirini. Risiti hana.

Sasa wanataka ushahidi kwamba tunapendana.
Hawasemi hivyo, wanasema "uhalisia wa ndoa".
Picha za harusi zipo:
mama mdogo Siwema amefumba macho katika zote,
Mwinshehe yumo ndani ya kanzu ya kuazima
inayomwishia juu ya vifundo.
Siku kumi na moja baada ya picha hiyo
likizo yake ikaisha.

Wanataka na maongezi yetu ya simu,
kurasa sitini,
yachapwe, yafasiriwe, yagongwe muhuri.

Bwana Rwechungura wa Mtaa wa Samora,
aliyekisoma Kijerumani enzi za ule ukuta wao,
anatoza kwa ukurasa na anasoma kwa sauti
hata kama benchi limejaa watu.
"Umeshindaje, mke wangu."
Nikifuata neno kwa neno, akasema, watauliza ulishinda nini.
"Umekula? Nimekula. Nini? Kiporo."
Akakaa na hicho kiporo dakika nzima, akifunua kamusi.
"Huku theluji imefunika baiskeli."
"Huku Mbagala maji hayajatoka tangu Jumanne,
ndoo mia tano, na yule wa mkokoteni ameanza maringo."
Akavua miwani.
Mama, ukurasa wa ishirini huu.
Ni maji na wali, maji na wali.
Mapenzi yako wapi?
Nikamwambia, ndiyo hayo unayoyasoma.

Jioni, darasani Upanga,
najifunza kusema mume wangu yuko ghalani, zamu ya usiku.
Ulimi unagoma, koo linakwaruza.
Mwalimu anasema kwao kitenzi ni kimoja:
mwanamume anaoa, mwanamke naye anaoa,
hakuna kuolewa.
Nikaandika daftarini, nikapiga mstari.
Kumbe Mwinshehe nimemwoa,
na kanzu yake fupi.

Ukurasa wa thelathini na moja
Bwana Rwechungura hakuusoma kwa sauti.
Ni ule usiku nilioingia Hospitali ya Temeke wawili,
asubuhi nikatoka mmoja.
Nilimwandikia mstari mmoja tu, simu ina asilimia nne.
Yeye akajibu, bila herufi kubwa, bila nukta,
sikudhani
sikudhani
sikudhani
mpaka chini kabisa mwa karatasi.

Hapa, akauliza polepole,
ni jina lako, au ni sentensi?
Nikatazama ile mistari kama naiona mara ya kwanza.
Miezi minane nilidhani ananiita.
Feni ikazunguka. Benchi lote likanyamaza,
hata yule mama wa cheti cha kifo.

Kama ni jina naliacha lilivyo, akasema,
kama ni sentensi naifasiri.
Ila nikwambie kweli, binti yangu,
huu mmoja ungekutosha. Hizo nyingine ni maji na wali.

Nikauchomoa.
Nikaukunja mara nne,
nikauweka kwenye sidiria, zinapokaa nauli.

Mtaa wa Mirambo, dirisha la pili,
dada wa ubalozi analowesha kidole, anahesabu.
Anahesabu tena.
Tuliomba sitini, anasema. Hizi ni hamsini na tisa.
Ndiyo, nikasema.
Upo mwingine?

Upo.